Kabla ya Kuulaumu Mkono: Uzi wa Gitaa la Stili Huisha Lini?

Mpiga gitaa wa kawaida ukimuuliza hubadilisha nyuzi lini, mara nyingi atakujibu: zikipata kutu, au mmoja ukikatika. Jibu hilo limewatosha wengi. Kwa gitaa la stili halitoshi hata kidogo, na sababu imo katika namna ala hii inavyopigwa. Uzi wake unaweza kung'aa, ukawa mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, kumbe ulikwisha wiki kadhaa zilizopita na mwenyewe hana habari. Kibaya zaidi, mkono wake utakuwa umeshazoea kuuficha ubovu huo.

Tuanze na jina, maana linachanganya. "Stili" ya gitaa hili haitoki kwenye nyuzi wala kwenye bodi. Inatoka kwenye kipande cha chuma ambacho mpigaji hukishika kwa mkono wa kushoto na kukitelezesha juu ya nyuzi. Magitaa yote ya umeme unayoyaona kwenye bendi, na mengi ya mbao unayoyaona kanisani, yana nyuzi za chuma, lakini hayo siyo magitaa ya stili. Gitaa la stili hulazwa, ama mapajani ama juu ya miguu yake lenyewe kama meza, nyuzi zikitazama juu. Halina freti za kufanya kazi, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa la kawaida. Mistari iliyochorwa chini ya nyuzi ni ya kuongozea macho tu. Hakuna kidole kinachobonyeza uzi hadi uguse mbao. Chuma kinaukalia uzi juu juu, na pale kinapokaa ndipo noti inapozaliwa.

Sauti yake unaijua hata kama hujawahi kuiona ala yenyewe. Ni ile inayolia nyuma ya mwimbaji katika nyimbo za kantri, ambazo Kenya zina wapenzi wa miaka mingi, mijini na mashambani. Waliokulia kwenye filamu za zamani za Kihindi wameisikia pia, kwa sababu gitaa la Kihawaii lilifika India katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 likapata kiti katika okestra za filamu. Nigeria, Demola Adepoju aliiingiza katika juju, muziki wa dansi wa Wayoruba, akiwa katika bendi ya King Sunny Adé. Chimbuko lake ni Hawaii, na anayetajwa zaidi ni Joseph Kekuku, kijana wa Laie katika kisiwa cha Oahu, aliyeanza kutelezesha chuma juu ya nyuzi mwishoni mwa miaka ya 1880 akiwa bado mwanafunzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 gitaa dogo la mapajani alilolibuni George Beauchamp na kutengenezwa na Rickenbacker likawa miongoni mwa magitaa ya umeme ya kwanza kabisa kuuzwa madukani. Kisha zikaja pedali. Mwaka 1954 rekodi ya Webb Pierce ilivuma Marekani, na ndani yake Bud Isaacs alikanyaga pedali wakati nyuzi zingali zinalia, noti zikapanda na kushuka ndani ya kodi ileile, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja. Kuanzia hapo uzi wa gitaa la stili ukawa na maisha magumu kuliko uzi mwingine wowote katika familia ya magitaa. Nitarudi kwenye ugumu huo.

Mkono unaojifunza uongo

Mimi hupiga gitaa la mapajani la nyuzi sita, huku pwani. Kuna kipindi nilikaa miezi kadhaa nikiamini mkono wangu wa kushoto umeharibika. Noti moja moja zilikuwa sawa. Lakini kila nilipopiga nyuzi tatu kwa pamoja, hasa juu kwenye mstari wa 12, ulio katikati ya uzi, kodi ilikuwa chungu. Nikafanya mazoezi zaidi. Nikabadilisha namna ya kushika chuma. Tumelelewa tukiambiwa kwamba asiyejua kucheza ndiye husingizia uwanja, kwa hiyo nilikuwa tayari kujishtaki mwenyewe kabla ya kuishtaki ala.

Siku moja nilisimama nikachungulia chuma changu moja kwa moja kutoka juu, si kwa pembeni kama anavyoona mtu aliyeketi. Hakikuwa juu ya mstari wa 12. Kilikuwa kimeupita, kimesogea upande wa daraja, kule uzi unakoishia upande wa mkono wa kulia, kwa upana wa punje ya mchele. Sikio langu, bila kuniuliza, lilikuwa limeuhamisha mkono ili noti iwe sahihi.

Hapo ndipo penye fundo lenyewe. Katika gitaa lenye freti, uzi ukianza kusema uongo, freti inakuumbua. Freti haihami, noti inatoka mbovu na unaisikia. Katika gitaa la stili hakuna kitu kilichopigiliwa msumari. Sikio linasikia noti imeshuka kidogo, mkono unapanda kidogo, na mambo yanaendelea. Kila siku uzi unapotoka kidogo na kila siku mkono unafidia kidogo. Mpigaji haoni hitilafu kwa sababu yeye mwenyewe ndiye anayeirekebisha.

Fidia hiyo ina mwisho. Chuma ni mstari mmoja ulionyooka, kimelala juu ya nyuzi zote kwa pamoja. Uzi mmoja ukitaka kisogee mbele na jirani yake ukitaka kirudi nyuma, unaweza kukilaza kimshazari kidogo na kuziridhisha nyuzi mbili. Ukiongeza ya tatu, hakuna namna ya kuikunja chuma. Kwa hiyo ishara ya kwanza ya nyuzi zilizokwisha ni hii: noti za mojamoja zinakubali, kodi inakataa. Ukiona hivyo, kagua nyuzi kabla ya kuongeza saa za mazoezi.

Kwa nini uzi hupotoka

Noti ya uzi huamuliwa na mambo matatu: urefu wake, mkazo wake, na uzito wa kila kipande chake. La tatu ndilo tunalolisahau. Uzi mpya una uzito sawa kila mahali, kwa hiyo ukiugawa katikati, kila nusu hulia oktavu kamili juu ya uzi mzima, yaani noti ileile kwa sauti ya juu zaidi. Ukiugawa mara tatu, mara nne, hesabu inatimia vilevile. Hizo sauti ndogo za juu zinazojificha ndani ya noti zote hupangika kwa mpangilio safi, na ndizo zinazoipa noti ule mng'ao.

Sasa uzi huo uutumie. Mkono wa kulia, unaochuna na kuzima nyuzi kwa kiganja, unakaa upande wa daraja. Jasho lake, mafuta ya ngozi na vumbi vinajikusanya upande huo. Mkono wa kushoto una chuma kizito kinachosugua upande wa pili, na kwenye nyuzi nene zilizoviringishiwa waya kinalainisha migongo ya ule waya hadi inakuwa bapa. Upande mmoja unaongezeka uzito, upande mwingine unapungua. Uzi uliokuwa na uzito sawa sasa una tumbo upande mmoja.

Utyuni ukiwa wazi, bila chuma juu yake, utatii. Tyuna, kile kifaa cha kupimia noti, itakuambia uko sawa, kwa sababu inapima uzi mzima. Weka chuma katikati, na sasa unasikia nusu ya upande wa daraja peke yake, ile nusu nzito, nayo inalia chini ya oktavu. Ndiyo maana chuma changu kilikuwa kinapanda kuelekea daraja.

Kuna dalili nyingine ya ugonjwa huohuo. Chuna uzi mmoja tu, uuache ulie, uzime nyingine zote. Uzi mzima hulia kwa mstari mmoja unaofifia polepole. Uzi uliopotoka huwa na wimbi ndani yake, sauti inavimba na kunywea yenyewe, na sindano ya tyuna haitulii mahali pamoja. Mtu anaweza kukaa dakika kumi akiikaza na kuilegeza akidhani kigingi ni kibovu. Kigingi hakina kosa. Huwezi kuutyuni uzi ambao ndani yake una noti mbili zinazogombana.

Wapigaji wa pedali stili, yaani gitaa la stili lenye pedali, huumizwa na jambo hili kuliko wengine kwa sababu ya namna wanavyotyuni. Tyuna za kawaida hugawa oktavu katika nusu toni 12 zilizo sawa, na kila nusu toni katika senti 100. Lakini tatu kuu, yaani noti ya tatu ya skeli kuu, inayolia bila wimbi lolote iko chini ya hapo kwa takriban senti 14, na wapigaji wengi huishusha kuifuata hiyo, wakati mwingine wakikutana nayo katikati ya njia, ili kodi ikae kimya kama maji ya kisima. Wanachotafuta ni kuondoa mawimbi. Uzi wenye wimbi lake lenyewe hauondoleki mawimbi hata ufanye nini. Piano inaweza kusamehe hali hiyo, gitaa la bendi likipigwa kwa mwendo wa kasi litaimeza. Kodi ndefu ya stili, inayoshikiliwa sekunde nne au tano peke yake, haina mahali pa kuificha.

Nyuzi nene na nyuzi nyembamba hazifi kwa njia moja

Pedali stili ya kawaida ya kantri, ile inayotyuniwa kwa kodi iitwayo E9, ina nyuzi kumi. Nne au tano za chini zimeviringishiwa waya juu ya moyo wa chuma. Zilizobaki ni waya mtupu. Makundi haya mawili yachukulie kama wagonjwa wawili tofauti.

Nyuzi nene huzeeka kwa sauti. Uchafu unaingia katikati ya mizunguko ya waya, na kila uzi unapotetema mizunguko hiyo inasuguana na uchafu huo. Msuguano unakula kwanza mitetemo ya haraka, yaani sauti za juu. Noti ya msingi inabaki, ule mlio wa kengele unaondoka. Kwanza utajikuta unaongeza trebo kwenye amplifaya. Baada ya muda unaongeza tena. Ukiona kitufe cha trebo kimehama mahali pake pa siku zote na hujabadilisha ukumbi wala amplifaya, nyuzi zako nene zimeshakwisha. Dalili ya pili ni kelele ya chuma: kikiteleza juu ya waya uliolainika vibaya, mahali pengine bapa, mahali pengine mkali, kinakwaruza kwa namna isiyo sawa, na unaisikia hata kwenye spika. Pitisha ukucha taratibu juu ya uzi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukucha utakuambia penye ubapa kabla jicho halijaona.

Hapa niwaambie wenye magitaa ya freti kwamba kwao ukaguzi ni tofauti. Wao wapitishe kidole chini ya uzi, si juu, kwa sababu freti huchimba vishimo upande wa chini. Ushauri wa vishimo umeenea kila mahali, na wapigaji wa stili huufuata, hukuta chini ya uzi ni laini, hujiambia nyuzi bado nzuri. Kwetu chini ya uzi hakuna kilichogusa kitu. Uchakavu wetu uko juu.

Nyuzi nyembamba hali yake ni nyingine. Hazina mizunguko ya kubeba uchafu, kwa hiyo mng'ao wake hudumu, na zinaweza kusikika kama mpya hadi dakika zinapokatika. Hizi sikio haliwezi kukuonya vya kutosha. Hapa inabidi uelewe chuma chenyewe.

Uzi wa tatu

Kila aliyewahi kukaa kwenye pedali stili anaujua uzi wa tatu. Katika E9 ni G# ya juu, kwa kawaida waya mtupu wa inchi 0.011, yaani milimita 0.28. Huo ndio unaokatika, mara nyingi jukwaani, mara nyingi katikati ya wimbo wenyewe uliosubiriwa.

Namba zinaeleza sababu yake. Chukua waya huohuo wa 0.011. Kwenye gitaa langu la mapajani, lenye urefu wa uzi wa inchi 22.5, ukiufanya E ya kwanza unavutwa kwa mkazo wa kama kilo 7. Kwenye gitaa la kawaida la umeme la inchi 25.5, noti ileile inahitaji karibu kilo 9. Kwenye pedali stili ya inchi 24, kuufikisha G# kunahitaji kama kilo 12.5. Kisha mpigaji anakanyaga pedali, G# inapanda kuwa A, na mkazo unafika kilo 14. Waya mzuri wa unene huo huachia karibu na kilo 16 au 17. Uzi wa tatu unaishi ukingoni tangu siku ulipofungwa, na pedali inausogeza zaidi kwenye ukingo huo kila unapokanyagwa, mara nyingi katika wimbo mmoja.

Wengi hufikiri dawa ni kuweka uzi mnene zaidi. Inaonekana ni akili ya kawaida: kamba nene ina nguvu zaidi. Lakini uzi mnene ni mzito zaidi, na ili ufike noti ileile lazima uvutwe kwa nguvu zaidi, kwa uwiano uleule ulioongezeka uzito wake. Nguvu iliyopo juu ya kila milimita ya mraba ya chuma inabaki ileile. Kinachoamua kama waya mtupu utahimili ni urefu wake na noti unayoitaka. Unene hautoki wala hauingii katika hesabu hiyo. Kwa hiyo ukihama kutoka 0.011 kwenda 0.012 utabadilisha sauti na hisia ya mguu kwenye pedali. Uzi hautakuwa salama zaidi.

Isitoshe, mkazo peke yake hauukati. Ungeukata siku ya kwanza. Kinachoukata ni kukunjwa. Kwenye daraja la pedali stili kila uzi umepita juu ya kidole cha chuma cha mviringo, na pedali ikikanyagwa kidole hicho kinazunguka kidogo kuuvuta uzi. Kipande kidogo cha uzi, pale kwenye utosi wa kidole, kinakunjuka na kukunjika kila mara. Umewahi kukata waya bila koleo? Unaukunja huku na huku hadi unaachia. Ni jambo hilohilo, kwa mkunjo mdogo zaidi na kwa mara nyingi zaidi. Ufa usioonekana kwa macho unaanza upande wa nje wa mkunjo, unachimba kidogo kidogo, hadi chuma kilichobaki hakitoshi kubeba kilo 14.

Ufa huo hausikiki. Hakuna sikio litakalokuambia umefika nusu. Ndiyo maana kwa uzi wa tatu tu nakubali sheria ya muda: ubadilishe kwa saa za kupigwa, si kwa hali yake. Weka kumbukumbu. Uzi wa tatu ukikatika mara ya kwanza, andika ulipigwa kwa jumla ya saa ngapi hivi. Mara ya pili vilevile. Baada ya mara tatu au nne utaijua desturi ya gitaa lako na mguu wako, kisha uwe unaubadilisha kabla haujafika hapo. Namba ya mtu mwingine haitakusaidia, kwa sababu yeye hakanyagi pedali kama wewe wala kidole cha daraja lake hakina mkwaruzo kama wako.

Nyuzi zilizobaki za waya mtupu hazina haraka hiyo. Nazo zina uchovu wake, lakini ziko mbali zaidi na ukingo.

Uzi uliokatika una ushahidi

Usiutupe. Uangalie umekatikia wapi, kwa sababu mara nyingine kosa siyo la uzi, na ukiweka mwingine bila kuangalia utakatika palepale.

Ukikatikia juu ya utosi wa kidole cha daraja, baada ya muda wa kutosha, huo ni uchovu wa kawaida. Ukikatikia hapo baada ya siku chache, na wa pili pia, pitisha ncha ya kucha kwenye kidole hicho: mara nyingi nyuzi za zamani zimekwangua mfereji wenye kingo kali. Fundi anaweza kuulainisha kwa msasa laini sana kisha king'arishi cha chuma, na tone moja la mafuta ya cherehani baadaye. Msasa mkavu wa mbao usiuguse.

Ukikatikia kwenye msokoto ulio karibu na kile kidonge cha shaba mwishoni, uzi ulikuwa dhaifu tangu ulikotengenezwa. Ukikatikia kwenye kigingi, angalia kama tundu lake lina makali, au kama uliukunja uzi kwa koleo ukaubana jino. Na ukikatikia katikati, mahali ambapo hakuna kinachoukunja, tafuta doa la kutu. Kutu ni shimo, na shimo ni mahali ambapo chuma ni chembamba kuliko kwingine.

Huku pwani kutu ndiyo adui wa kila siku. Hewa ina unyevu, ina chumvi, na mkono una chumvi yake. Nyuzi ambazo Nairobi zingekaa vizuri ndani ya kasha, Mombasa au Unguja zinaweza kuota madoa hata gitaa lisipopigwa. Kwa mtu wa bara uchakavu unatokana zaidi na kupigwa; kwa mtu wa pwani, siku zinazopita nazo zina hesabu yake.

Kupima bila kubahatisha

Siku unayofunga nyuzi mpya, ukishazivuta kidogo kwa mkono na kuzityuni tena hadi zitulie, chukua simu. Rekodi nyuzi zote zikiwa wazi, uzi mmoja mmoja, kisha kodi nzima. Weka chuma juu ya mstari wa 12, kimenyooka, ukikitazama kutoka juu kabisa, rekodi tena kwa mpangilio uleule. Dakika mbili zinatosha. Ipe faili jina la tarehe.

Kila baada ya wiki mbili tatu rudia zoezi hilo kwenye mstari uleule, na tyuna ikiwa mbele yako. Kitu cha kutafuta ni tofauti kati ya uzi na uzi. Nyuzi zote zikisoma juu kidogo au chini kidogo kwa pamoja, chuma chako hakikuwa mahali pake, kisogeze. Mmoja ukienda juu na mwingine chini wakati chuma kimenyooka, hakuna mahali pa kukisogeza ambapo watapatana. Mimi nikiona nyuzi mbili zimeachana kwa senti nne au tano, huwa sisubiri zaidi.

Kipimo kingine hakihitaji chuma kabisa. Gusa uzi kwa kidole katikati bila kuubonyeza, uchune, uinue kidole, usikie ile sauti ya kengele. Isome kwenye tyuna, kisha usome uzi ukiwa wazi. Zinatakiwa kuwa noti ileile, oktavu moja mbali. Zikiachana waziwazi, uzito wa uzi huo hauko sawa tena.

Nawatahadharisha kuhusu siku za kwanza. Uzi mpya unateleza kwenye kigingi, mizunguko yake bado inajikaza, nao hushuka kila baada ya nyimbo mbili. Hiyo siyo dalili ya ubovu, hutulia ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo usifunge nyuzi mpya saa moja kabla ya kupanda jukwaani. Na kama pedali ikiachiwa noti hairudi pale ilipokuwa, mshuku kwanza yule mgurudumu mdogo ambao uzi unapita juu yake upande wa vigingi. Mara nyingi umekwama kwa vumbi, na hakuna seti ya nyuzi itakayoponya hilo.

Kuhusu bei, na sufuria

Huku kwetu seti ya nyuzi kumi za E9 haipatikani kila duka la muziki. Mara nyingi ni kuagiza, na kusubiri. Ndiyo maana watu huzivuta nyuzi hadi mwisho, na siwalaumu. Lakini uzi wa tatu, ule unaosumbua, ni waya wa 0.011 wenye kidonge mwishoni, na huohuo ndio uzi wa kwanza katika seti ya 11 ya gitaa la kawaida la umeme, ambayo ni rahisi zaidi kuipata. Ni waya uleule. Nunua mitatu ya akiba, uihifadhi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri na kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu kinachokuja ndani ya viatu vipya.

Nyuzi nene zinaweza kuongezewa siku kwa kuchemshwa. Wapigaji wa besi wamefanya hivyo miaka mingi: zinatolewa, zinachemshwa dakika kama kumi kwenye maji safi, zinakaushwa kabisa kwa kitambaa na joto, zinarudishwa. Maji ya moto yanatoa mafuta na uchafu uliojificha kwenye mizunguko, na mng'ao unarudi kwa siku kadhaa. Spiriti hufanya kazi hiyohiyo bila moto, ukizilaza ndani ya chupa usiku kucha. Hakuna kati ya hizo inayorudisha waya uliolainishwa na chuma, wala inayoziba ufa wa uchovu. Nyuzi nyembamba usizichemshe. Hazina uchafu wa kutoa, na utakuwa umezifungua na kuzikunja tena bure.

Mafuta ya kupikia yasiguse nyuzi. Hugeuka kuwa gundi, na gundi hukamata vumbi. Kitambaa kikavu cha pamba kinatosha, kipitishwe juu na chini ya kila uzi baada ya kupiga, na kipitishwe pia kwenye chuma chenyewe. Hicho wengi hukisahau, wakati ndicho kinachobeba jasho la kiganja na kulisambaza kwenye nyuzi zote kumi.

Zile nyuzi zangu nilizifungua jioni ileile niliyochungulia kutoka juu. Uzi wa tano, niliokuwa nikiuona mzima, ulikuwa na doa jeusi upande wa daraja, urefu wa kidole, pale kiganja kinapolala. Nikafunga seti mpya, nikazityuni, nikaweka chuma juu ya mstari wa 12. Kodi ikatoka chungu bado. Nikatazama tena kutoka juu: mkono ulikuwa umekwenda wenyewe kule ulikozoea, upana wa punje ya mchele kupita mstari. Ilinichukua karibu wiki mbili kuurudisha.